Kurudia hisabati kwa vipindi: mwongozo kamili kwa anayeelewa darasani na kusahau kwenye mtihani

Malalamiko ni yaleyale kila muhula. "Mwalimu akifundisha naelewa, mazoezi ya mada namaliza, ila nikiwekewa pepa mbele sijui nianzie wapi." Wengi wanaolalamika hivyo wameshaelezwa dawa: acha kusomasoma daftari, jipime bila kutazama, rudia kwa vipindi vinavyoachana. Na wamejaribu. Wamekata kadi, wamechora ratiba ya rangi tatu, na kabla wiki ya tatu haijaisha kadi zimeshahamia chini ya kitanda.

Ukiwafuatilia utakuta wanakwama sehemu tatu. Kwanza, wanakariri jibu la kadi badala ya njia. Pili, wanarudia mada mojamoja, kwa hiyo hawapati zoezi la kuchagua njia. Tatu, wanaongeza kadi mpya nyingi kuliko dakika walizonazo. Mwongozo huu umepangwa kuziba mianya hiyo. Mifano yangu ni ya mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne anayejiandaa na NECTA, na wa Kenya anayejiandaa na KCSE atabadilisha tarehe na dakika tu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi za manila mbili au tatu, zikatwe kadi za ukubwa wa kiganja.
- Bahasha tano za kaki. Ziandike: KESHO, SIKU 3, WIKI, WIKI 2, MWEZI.
- Kaunta buku moja ya kufanyia maswali. Isiwe daftari la darasani.
- Kalamu ya bluu, kalamu nyekundu na penseli.
- Saa yoyote yenye dakika. Ya simu inafaa, ila simu ikae mbali na mkono.
- Kitabu cha kiada, na mitihani iliyopita yenye majibu unayoyaamini. Majibu yanayozunguka mitandaoni mengine yana makosa, kwa hiyo likikutatiza muulize mwalimu kabla hujalinakili.
- Kitabu cha majedwali ya hisabati, kwa wa Tanzania. Kikokotoo hakiruhusiwi kwenye pepa ya Hisabati ya kidato cha nne, kwa hiyo usikizoee nyumbani.

Programu za kadi za kwenye simu zipo na ni nzuri kwa msamiati wa lugha. Kwa hisabati mimi napendelea karatasi, maana kazi yenyewe ni ya kalamu, na simu ukishaishika kupanga kadi hujui utaiachia wapi.

## Hatua ya 1: Chagua aina ya swali, usichague mada

Kadi iliyoandikwa "Logarithimu" haikusaidii kitu. Mada moja ina aina nne hadi saba za maswali, na kila aina inataka kadi yake. Chukua zoezi la kitabu na uulize: maswali haya kumi ni kumi kweli, au ni mawili yaliyobadilishwa namba?

Mbele ya kadi andika swali moja kamili, kama lingekuja kwenye mtihani, bila kutaja mada. Nyuma usiandike suluhisho zima. Andika vitu viwili tu: dalili iliyokuonyesha njia, na hatua ya kwanza. Kwa mfano, nyuma ya kadi ya pembetatu: "Pande mbili na pembe iliyo katikati yake: kanuni ya kosaini. Anza kwa kuchora na kuweka herufi." Pembeni, kwa penseli, weka tarehe ya kurudi.

Sababu ni kwamba mtihanini kinachopotea mara nyingi ni kuanza. Ukishajua pa kuanzia, mkono unaendelea.

Umefanikiwa kama rafiki yako akisoma mbele ya kadi hawezi kukisia ni ya sura gani ya kitabu kabla hajalisoma swali lote.

## Hatua ya 2: Elewa kwanza, kisha funga kitabu

Kujipima hakuchukui nafasi ya kufundishwa. Mada usiyoielewa hata kidogo haina cha kukumbukwa, na utaishia kukariri mistari. Pitia mfano wa kitabu mstari kwa mstari, ukijiuliza kila mstari umetoka wapi. Kisha funga kitabu, ufanye mfano uleule kwenye ukurasa mtupu. Ukiweza, kadi imezaliwa na inaingia bahasha ya KESHO.

Tahadhari: usijipime mara tatu mfululizo siku hiyohiyo kwa kuwa umefurahi. Kujibu kitu ulichokisoma dakika tano zilizopita ni danganya toto.

## Hatua ya 3: Badilisha namba kila kadi inaporudi

Hapa ndipo kadi za hisabati zinapoachana na za historia. Swali likirudi na namba zilezile mara tatu, kichwa kinashika "jibu ni 2 na 3" na njia inabaki nyuma. Kwa hiyo kila kadi inaporudi unaifanyia swali jipya la aina ileile.

"Swali jipya nalitoa wapi?" Unaanzia kwenye jibu. Tuseme kadi ni ya mlinganyo wa kipeo cha pili. Chagua majibu unayoyataka, mfano 3 na −4. Yaweke kwenye mabano: (x − 3)(x + 4). Zidisha: x² + x − 12. Tayari una swali: tafuta x ikiwa x² + x − 12 = 0. Ukitaka gumu zaidi, anza na nusu na 3: (2x − 1)(x − 3) inakupa 2x² − 7x + 3 = 0.

Milinganyo miwili kwa pamoja inakwenda hivyohivyo. Amua x = 2 na y = 5, kisha tunga: 3x + y = 11, na x − 2y = −8. Kwa Pithagorasi tumia pande zinazojulikana kutoa namba kamili, yaani 3, 4, 5. Au 5, 12, 13. Au 8, 15, 17. Au uzizidishe zote kwa namba moja.

Tunga maswali manne au matano kwa mkupuo siku ya Jumapili, uyaandike kwenye karatasi tofauti na uyaache. Ikifika Alhamisi majibu umeshayasahau. Zoezi la kutunga nalo ni marudio mazuri, pengine kuliko mengine yote hapa, maana linakulazimisha kupita njia ileile kwa kinyumenyume. Mada ngumu kutungia, kama dunia kama tufe au programu za mstari, chukua tu swali la mwaka mwingine kwenye mitihani iliyopita.

## Hatua ya 4: Ukurasa mtupu, dakika tano kabla ya kuchungulia

Soma swali. Geuza kadi ilale kifudifudi. Fanya kwa kalamu ya bluu.

Ukikwama, usikimbilie jibu. Andika vitu vitatu: nimepewa nini, nimeulizwa nini, na kanuni gani inagusa vyote viwili. Chora mchoro hata kama swali halikuutaka. Vumilia dakika tano kwa saa. Zikiisha bila mwanga, funika suluhisho kwa karatasi na uishushe mstari mmoja tu. Soma mstari huo, funika tena, endelea mwenyewe.

Kufuata suluhisho kwa macho ni kutembea gizani nyuma ya mwenye tochi: njia unaiona, ila ukiachwa peke yako hujui ulipopita. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio la wanafunzi waliosoma kifungu cha maneno. Waliokisoma tena na tena walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika tano. Baada ya wiki mambo yaligeuka: waliokuwa wamejipima mara tatu walikumbuka asilimia 61, waliokuwa wakisoma tu asilimia 40. Ndiyo maana usiku wa kuamkia jaribio unajiona umeiva, na wiki ya mtihani wa mwisho huna kitu.

Umefanikiwa kama kaunta buku ina mikwaruzo, njia zilizoanza zikaachwa, na michoro mibovu. Daftari safi sana mimi hunitia shaka, maana mara nyingi limenakiliwa.

## Hatua ya 5: Sahihisha kwa kalamu nyekundu, na ulipe kosa jina

Kuweka mkasi na kwenda mbele hakutoshi. Makosa ni ya aina tatu, na kila moja ina tiba yake.

Kosa la mkono. Njia ni sahihi, ila 7 × 8 imekuwa 54 au ishara imepotea. Mfano ninaoukuta mara nyingi: swali ni x² − x − 12 = 0, mwanafunzi anaandika (x − 3)(x + 4) = 0 na kutoa x = 3 au −4. Ishara zimebadilishana, kwani mabano hayo yanazaa +x, wakati swali lina −x. Yanayotakiwa ni (x − 4)(x + 3). Tiba yake ni kurudisha jibu ndani ya swali. Weka 3: 9 − 3 − 12 inatoa −6, si sifuri. Weka 4: 16 − 4 − 12 ni sifuri. Sekunde ishirini zimeokoa alama zote.

Kosa la kusoma. Umeulizwa kipenyo ukatoa nusu kipenyo, umeulizwa kwa sentimita ukajibu kwa mita. Tiba: pigia mstari kinachoulizwa kabla kalamu haijaanza kazi.

Kosa la njia. Umetumia kanuni isiyohusika, au hukujua pa kuanzia. Hili ndilo linaloirudisha kadi mwanzo. Ongeza nyuma ya kadi dalili uliyoikosa.

Wengi huyaita yote "uzembe" na kuendelea. Hesabu makosa yako ya wiki mbili kwa aina. Ukikuta mengi ni ya mkono, shida yako si mada, ni jedwali la kuzidisha na namba hasi, na hizo zina tiba ya siku chache.

## Hatua ya 6: Hamisha kadi kwa bahasha

Kanuni ni fupi:

1. Umepata bila msaada (kosa dogo la mkono ulilolikamata mwenyewe halihesabiwi): kadi inasonga bahasha moja mbele.
2. Umepata baada ya kuchungulia mstari mmoja: inabaki bahasha ileile.
3. Umeshindwa, au kosa ni la njia: inarudi KESHO, hata kama ilikuwa MWEZI.

Kadi uliyoitengeneza Jumatatu itarudi Jumanne. Ukiipata, itarudi Ijumaa. Ukiipata tena, Ijumaa inayofuata, kisha baada ya wiki mbili, kisha baada ya mwezi. Ikivuka MWEZI, itoe kwenye bahasha uiweke kwenye rundo la majaribio ya wikendi (hatua ya 9).

Siku hizo si amri ya mbinguni. Ijumaa kuna msiba au mashindano ya shule? Fanya Jumamosi. Kinachofanya kazi ni kuachia nafasi ya kusahau kidogo, ili kukumbuka kuwe kazi. Kadi inayokuja bila jasho lolote imerudi mapema mno.

## Hatua ya 7: Pima mzigo kabla haujakulemea

Hesabu hii wengi hawaifanyi, na ndiyo inayoua ratiba.

Kila kadi mpya inadai marudio matano. Ukiongeza kadi mbili kila siku, baada ya wiki kadhaa utadaiwa marudio kama kumi kwa siku, bila kuhesabu zilizoshindikana. Kwa dakika tano kila moja hiyo ni karibu saa nzima, juu ya kazi za masomo mengine. Hapo ndipo kadi huenda chini ya kitanda.

Ongeza kadi tano kwa wiki, moja kila siku ya shule. Tano mara tano ni marudio 25. Weka kumi zaidi kwa ajili ya yaliyoshindikana, unapata 35. Ukifanya siku sita kwa wiki ni kama sita kwa siku, yaani nusu saa. Ukianza Februari na kusimamisha kadi mpya mwisho wa Septemba, utakuwa na zaidi ya 150, zinazotosha kugusa karibu kila aina ya swali la kidato cha kwanza hadi cha nne. Ukianza Julai, usiongeze kasi. Anza na mada zinazotokea kila mwaka kwenye mitihani iliyopita.

Tahadhari: ukirudi kutoka likizo ukute kadi arobaini zinadai, usizifanye zote kwa usiku mmoja, na usianze upya. Simamisha kadi mpya, fanya sita au nane kwa siku ukianza na bahasha za mwanzo, mpaka deni liishe.

## Hatua ya 8: Changanya

Kabla ya kuanza, changanya kadi za siku hiyo kama karata. Usipange za aljebra pamoja na za jiometri pamoja.

Ukifanya maswali ishirini ya riba mfululizo, kuanzia la pili huhitaji kuchagua njia, maana kichwa cha zoezi kimeshakutajia. Mtihani hautaji. Tazama maswali haya matatu:

Amina anaweka akiba ya shilingi 5,000 mwezi wa kwanza, 7,000 wa pili, 9,000 wa tatu, na kuendelea hivyo. Atakuwa ameweka kiasi gani kwa miezi 12?

Amina ameweka shilingi 5,000 kwa riba ya kawaida ya asilimia 10 kwa mwaka. Atakuwa na kiasi gani baada ya miaka mitatu?

Amina ameweka shilingi 5,000 kwa riba mchanganyiko ya asilimia 10 kwa mwaka. Atakuwa na kiasi gani baada ya miaka mitatu?

Mtu mmoja, akiba ileile, njia tatu. La kwanza ni jumla ya mfuatano unaoongezeka kwa 2,000: 6 × (10,000 + 22,000) = 192,000. La pili ni 5,000 + 1,500 = 6,500. La tatu ni 5,000 × 1.1 × 1.1 × 1.1 = 6,655. Aliyeyafanya kila moja katika sura yake hajawahi kulazimika kuyatofautisha.

Mwaka 2007, Doug Rohrer na Kelli Taylor waliwapa wanafunzi wa chuo maswali ya ujazo wa maumbo manne. Kundi lililofanya umbo moja moja lilipata asilimia 89 wakati wa mazoezi. Lililochanganyiwa lilipata 60. Wiki moja baadaye walipimwa: waliochanganyiwa walipata 63, wa umbo moja moja 20. Jaribio kubwa lililochapishwa 2020, katika madarasa 54 ya darasa la saba huko Marekani, lilitoa picha hiyohiyo: mwezi mmoja baada ya mazoezi, waliochanganyiwa asilimia 61, wengine 38.

Kwa hiyo jiandae kisaikolojia. Ukianza kuchanganya utakosa zaidi, na mwenzako anayemaliza mada moja kwa siku ataonekana anakuacha. Wiki mbili za kwanza ni chungu. Dalili nzuri huanza kuonekana wiki ya nne au ya tano: unasoma swali na, kabla hujashika kalamu, unasema "hili si la riba, hili ni mfuatano".

## Kanuni fupi zifanyiwe njiani

Vitu vya kujibu kwa pumzi moja visikule nusu saa yako: sini ya 30° ni nusu, eneo la duara, log 2 ni 0.3010 na log 3 ni 0.4771. Viandike kwenye vikadi vidogo, uvifanye kwenye daladala au foleni ya maji. Ila usiishie kuvitaja. Ukitaja log 2 na log 3, jiulize log 12 ni ngapi. Ni 0.3010 mara mbili, jumlisha 0.4771, yaani 1.0791.

## Hatua ya 9: Jaribio la saa, kila baada ya wiki mbili

Kadi zinafundisha kukumbuka, hazifundishi mwendo. Pepa ya Hisabati ya NECTA imezoeleka kuwa na maswali 14 kwa saa tatu: kumi ya alama 6 na manne ya alama 10. Dakika 180 kwa alama 100 ni karibu dakika 11 kwa swali la alama 6, na 18 kwa la alama 10. KCSE ni pepa mbili, kila moja alama 100 kwa saa mbili na nusu, yaani dakika moja na nusu kwa alama.

Jumamosi moja kila wiki mbili, okota kwenye rundo la kadi zilizohitimu maswali matano ya alama 6, uyabadilishe namba, ujipe dakika 54. Muda ukiisha weka kalamu chini hata kama ulibaki mstari mmoja. Kadi iliyoshindikana hapa inarudi KESHO, na haina haja ya kuonewa aibu, ndiyo kazi ya jaribio.

Kuanzia Oktoba, kwa wa NECTA ya Novemba, hakuna kadi mpya. Fanya pepa nzima moja kwa wiki kwa saa tatu, na kila kosa la njia lirudi kwenye bahasha.

## Kwa mzazi au dada mkubwa asiyejua hisabati

Unaweza kusaidia bila kujua hata jibu moja. Shika kadi, msomee swali, na kabla hajaandika chochote muulize: "Umejuaje kwamba ni njia hiyo?" Linganisha anachosema na dalili iliyoandikwa nyuma. Akibabaisha, kadi inarudi KESHO, hata kama jibu la mwisho lilitoka sahihi. Kisha shika saa, na ile simu yake pia.